Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Mwaka wa Shanga 574

Ndugu wanachama,

Nawasalimu nyote mliofika hapa Kisumu leo, hasa mliotoka Siaya na Homa Bay kwa matatu ya alfajiri. Hesabu za fedha atazisoma mweka hazina baada yangu, na kumbukumbu za mikutano mmeshagawiwa. Mimi nitazungumzia kazi yenyewe.

Mtakumbuka uamuzi wetu wa mwaka jana: tupumzike kuchora machweo ya ziwa, tutengeneze kitu kilichomo ndani ya damu yetu. Tukachagua hemoglobini, protini inayobeba oksijeni kutoka mapafuni na kuisambaza mwilini. Protini ni uzi uliotungwa kwa asidi amino, ambazo aina zake za kawaida ni 20. Uzi huo hujikunja mpaka ukapata umbo lake, na umbo ndilo linaloupa kazi. Hemoglobini ya mtu mzima ina nyuzi nne: mbili za alfa, kila uzi asidi amino 141, na mbili za beta, kila uzi 146. Jumla ni 574. Tuliamua kila asidi amino iwe ushanga mmoja, na kila aina iwe na rangi yake. Mpangilio wake tuliupata bila malipo kwenye Protein Data Bank, hifadhi iliyoanzishwa mwaka 1971 na iliyo wazi kwa yeyote mwenye intaneti.

Ubishi ulizuka papo hapo. Wapo waliosema sanaa ni hisia, nani atakayekaa kuhesabu shanga? Wakataka tutunge mpaka uzi upendeze macho, basi. Nilipinga siku ile na leo bado napinga, kwa sababu ya selimundu, ugonjwa ambao majumbani tunauita siko seli na ambao umezihuzunisha familia nyingi za kanda hii ya ziwa. Chanzo chake ni ushanga wa sita kwenye uzi wa beta. Mahali pa glutamati, inayopenda maji, pamekaa valini, inayoyakimbia. Hemoglobini ya namna hiyo ikishaachia oksijeni, hunata kwenye jirani yake, na jirani kwa jirani, mpaka zikawa fito ndefu zinazoipinda chembe nyekundu ya damu ikafanana na mundu. Mwanasayansi Vernon Ingram, akifanya kazi Cambridge, ndiye aliyeionyesha tofauti hiyo ya asidi amino moja, mwaka 1957. Sasa sisi tukitunga kwa kukisia, tutamwonyesha nini mzazi wa mtoto mgonjwa?

Nyuzi zilikamilika mwanzoni mwa Juni. Ukumbi tulioahidiwa mjini tulinyimwa siku tatu kabla ya maonyesho, bila hata kuombwa radhi, na jambo hilo liliniuma sana. Tukahamia Dunga, chini ya mti, karibu na pale akina mama wanapoanika omena. Tarehe 19 Juni, Siku ya Selimundu Duniani, tukatundika nyuzi mbili za beta sambamba. Uzi mzima, usio na ugonjwa, unaanza hivi: njano, buluu, kijani, nyeupe, nyeusi, nyekundu, nyekundu. Ule wa pili, wa selimundu: njano, buluu, kijani, nyeupe, nyeusi, njano, nyekundu. Kuanzia hapo hadi ushanga wa 146 hazitofautiani tena.

Mama mmoja alikuja na mwanawe wa kiume, macho ya mtoto yakiwa na umanjano. Aliweka kidole kwenye ushanga wa kwanza akahesabu kwa Kijaluo, polepole: achiel, ariyo, adek, ang'wen, abich, auchiel. Kidole kikatulia. Akaniuliza, "Ni hii tu?" Nikamjibu, "Ni hii tu, mama." Akarudi kwenye uzi mzima akahesabu upya, akarudi tena kwenye ule mwingine. Kisha akaniambia kwamba kwa miaka yote hiyo, kwa wakwe zake, lawama zilikuwa juu yake peke yake. Dada yetu muuguzi akamweleza kwamba mtoto huyu amerithi jeni hilo kwa baba na kwa mama pia, na kwamba mwenye kulirithi kwa mzazi mmoja tu hupata kinga fulani dhidi ya malaria kali, ndiyo maana limedumu katika nchi za mbu kama yetu. Mama akamvuta mwanawe karibu, akamshika kidole, wakahesabu pamoja. Wale waliosema hakuna atakayehesabu walikuwepo.

Kazi ya chuma ilitutesa zaidi. Tuliazimia kuunda uzi mmoja wa beta kwa nondo, wenye misokoto yake minane, kila msokoto ukizungushwa kwenye bomba kama springi. Fundi wetu alikuwa ameshachomelea mitatu pale mwanachama mmoja, mwalimu wa bayolojia, aliposimama mbele yake, akainua kidole gumba cha mkono wa kulia na kuvikunja vile vingine, kisha akatikisa kichwa. Msokoto huu, uitwao wa alfa ingawa umo hata kwenye uzi wa beta, huzunguka kulia kwenye protini. Wetu ulizunguka kushoto. Tukaugeuza juu chini, haikusaidia, kwa kuwa msokoto wa kushoto hubaki wa kushoto hata uushike vipi. Grainda ikakata yote mitatu. Kosa ni letu sote kwenye kamati, wala si la fundi, maana mchoro tuliompa haukuonyesha upande. Na apate faraja kwamba mwanakemia Linus Pauling na wenzake walipoutangaza msokoto huo mwaka 1951, mchoro wao wenyewe ulikuwa wa kushoto.

Sanamu hiyo sasa imesimama uwanjani, na mvua za mwisho wa mwaka zimeishikisha kutu. Nimepokea maombi mawili ya kuipaka rangi. Kamati imeyakataa, na ninawaomba mtuunge mkono. Ndani ya hemoglobini kuna chuma, na oksijeni hujishika pale pale kwenye chuma hicho. Kutu nayo ni chuma na oksijeni, ingawa damu huiachia oksijeni yake na kutu haiachii. Julian Voss-Andreae, mchongaji mwenye asili ya Ujerumani, alitengeneza hemoglobini ya chuma huko Oregon, Marekani, mwaka 2005, akaiacha ishike kutu hadharani. Yetu nayo iachwe.

Kazi ndogondogo zilikuwepo. Iliyonigusa ni kamba ya nyuzi tatu, yaani protini ya kolajeni, iliyochorwa juu ya ngozi ya samaki mbuta. Ngozi yenyewe ni kolajeni, kwa hiyo mchoro na kilichochorewa ni kitu kimoja. Warsha ya Kakamega iliahirishwa, itafanyika.

Nawashukuru watungaji wote, na yule kijana aliyefumua uzi wa alfa usiku kucha kwa sababu ya ushanga mmoja uliorukwa.

Kwa mwaka ujao, kamati inapendekeza insulini, kwa ajili ya wenzetu wanaoishi na kisukari. Ina shanga 51 tu, katika nyuzi mbili za 21 na 30 zilizofungamanishwa. Shanga hatutalazimika kununua nyingi. Wakati wa hemoglobini tulinunua rangi zote 20 kule Kibuye, kumbe nyuzi zake hazina asidi amino iitwayo isolusini hata moja, na kopo la zambarau likabaki kama lilivyotoka sokoni. Insulini ya binadamu inazo mbili, zote kwenye uzi mfupi: ya pili na ya kumi.