Kuhusu operesheni ya Mama

Leeds, Uingereza

Dada yangu mpendwa,

Assalaam aleikum. Sisi huku wazima, ni baridi tu. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza wote, hata pale Mjomba anapodakia kwamba Mama asipasuliwe kutolewa mfuko wa nyongo wenye mawe, eti mtu akitolewa nyongo hali tena nyama mpaka kufa. Nimeona bora niandike, kwa sababu kwenye simu tunaishia kubishana hadi salio linakwisha. Msomee na yeye.

Mimi si daktari, unajua. Kazi yangu ni kuwaosha, kuwalisha na kuwatembeza wagonjwa katika wodi ya upasuaji wa ini, nyongo na kongosho, ile tezi iliyo nyuma ya tumbo la chakula. Lakini kila asubuhi madaktari wakipita vitandani nipo, na masikio ninayo.

Kwanza nyama. Nyongo inatengenezwa na ini. Ule mfuko unaitunza tu, na kuikamua mtu anapokula mafuta. Ukitolewa, ini linaendelea na kazi yake na nyongo inashuka moja kwa moja kwenye utumbo. Wiki za mwanzo mafuta mengi yanaweza kumharisha, basi aanze na samaki wa kuchemsha, sambusa zisubiri. Nyama atakula. Wala si jambo la majaribio: mfuko wa nyongo ulitolewa mara ya kwanza Berlin mwaka 1882, na daktari Carl Langenbuch, hata reli ya Uganda haijaanza kujengwa kule Mombasa.

Nadhani hofu ya Mjomba haitoki kwenye nyama. Inatoka kwa marehemu jirani yetu. Sasa tuseme wazi: ugonjwa ule haukuwa huu. Jirani macho yaligeuka manjano bila maumivu yoyote, akakonda, na baadaye tukaambiwa ni uvimbe kwenye kongosho. Operesheni yake ni nyingine kabisa. Hukatwa kichwa cha kongosho, kipande cha utumbo, mrija wa nyongo na mfuko wenyewe, halafu vilivyobaki huunganishwa upya. Ni kazi ya saa nyingi, na hapo kweli ningesema tafuteni daktari anayeifanya mara kwa mara, popote alipo. Mama yeye anaumwa chini ya mbavu za kulia akila vya mafuta, maumivu yanapanda mpaka mgongoni, na skani imeonyesha mawe. Kwa hilo hakuna haja ya India aliyoitaja Shangazi. Kampala wanafanya.

Umeuliza kwa nini wasitoe mawe tu na kuuacha mfuko. Kwa sababu mfuko uliotengeneza mawe utatengeneza mengine. Na hatari yenyewe ni jiwe kuteleza na kuziba mrija: nyongo inarudi nyuma kwenye ini, au kongosho linavimba kwa ghafla. Kwa hiyo hata kabla ya tarehe aliyopewa, ukiona macho ya manjano, mkojo mweusi, choo kimepauka, au homa ya kutetemeka pamoja na maumivu, mpeleke hospitali usiku huo huo. Msingoje kupambazuke, na msianze kikao cha ukoo.

Sasa yule muuzaji wa sokoni na dawa yake ya kuyeyusha mawe. Mafuta ya zeituni na ndimu, unakunywa usiku, asubuhi unaona madonge ya kijani chooni. Madonge yapo kweli, simwiti mwongo kwa hilo. Ila madaktari waliwahi kuyapeleka maabara madonge ya namna hiyo, wakakuta ni sabuni: yale mafuta yenyewe yameganda tumboni pamoja na ndimu. Mama akipigwa skani kesho yake mawe atayakuta palepale, pesa ndiyo imeyeyuka. Na majani anayochemsha, mwambieni daktari bila haya ni majani gani. Mengine yanaliumiza ini, mengine yanaongeza kutoka damu.

Mkionana na daktari wa upasuaji, muulize atatumia matundu madogo au atafungua tumbo. Muulize kama vipimo vya damu vya ini vimefanywa, na kama mrija una jiwe, maana hilo hubadilisha mpango. Mpelekeeni dawa zote za Mama ndani ya mfuko mmoja, za sukari, presha na ile aspirini, aseme mwenyewe ipi isimamishwe na lini. Siku ya operesheni watamkataza kula. Chai ya maziwa ni chakula, Dada. Najua atakuomba kikombe kidogo tu; usimpe.

Wakitumia matundu, huwa manne, na tumbo hujazwa gesi ili daktari aone vizuri. Baadaye bega linaweza kumuuma. Msishtuke, ni ile gesi, na kutembeatembea kunasaidia. Wengi hutoka siku hiyo au kesho yake. Wakimfungua, atakaa siku kadhaa, na kubeba ndoo ya maji asahau kwa wiki sita au zaidi. Ikitokea daktari ameanza na matundu akaamua kufungua, asilaumiwe. Ameona ndani jambo lililomfanya achague usalama. Hilo mlijue kabla ya kutia saini.

Akitoka asipandishwe basi la usiku la Arua. Akae hapo karibu na Kampala, Bombo kwa Shangazi, mpaka aangaliwe tena na daktari. Siku ya safari ashike mto tumboni, barabara yetu unaijua. Maumivu yakizidi badala ya kupungua, tumbo likivimba, akiwa na homa, akitapika au akiwa manjano, arudishwe hospitali mara moja.

Na ninyi nyote mpime homa ya ini aina ya B. Huko kwetu West Nile imeenea, na asiyekuwa nayo anaweza kuchanjwa.

Nitumie picha ya karatasi ya skani, ukurasa wote, usikate pembeni. Pesa ya usafiri nitaituma kwa simu yako, si ya Mjomba. Ijumaa baada ya swala nitapiga, na yeye awepo.

Mdogo wako