Maji ya moto kwenye nyumba mpya: tuite kabla ya marumaru

Mteja anaingia dukani nyumba imeshapakwa rangi, milango imo, marumaru za bafuni zinang'aa, halafu anauliza: "Fundi, hita gani nzuri?" Hapo jibu letu huwa fupi, maana kilichobaki ni shawa ya umeme tu, na waya wake itabidi upite nje ya ukuta. Angelikuja nyumba ikiwa bado tofali tupu, angelikuwa na njia tatu za kuchagua.

Wapo wanaosema kisiwani kwetu Unguja maji ya moto ni anasa. Hao hawajaamka alfajiri ya Julai kutia udhu, kipupwe kimeingia, kusi inavuma na tangi limelala nje usiku kucha. Na nyumba yenye mzazi anayekandwa siku arobaini, au bibi mwenye baridi yabisi, kila siku kuna mtu anabeba ndoo ya moto kutoka jikoni hadi bafuni. Anayejenga vyumba vya kukodisha wageni huyo hahitaji kuambiwa.

Tuanze na hiyo shawa ya umeme. Ni rahisi kununua na haichukui nafasi. Nyingi hula kilowati 5.5, lakini huwaka pale tu maji yanapotoka, kwa hiyo kuoga dakika 6 ni kama nusu uniti. Nyumba ya watu sita itakula uniti tatu na kitu kwa siku kwenye Tukuza, yaani mita ya umeme wa kulipia kabla. Shida yake si ulaji, ni waya. Kilowati 5.5 ni ampea 24 hivi, na fundi akiiunganisha kwenye waya wa soketi wa milimita 2.5, waya unapata moto ndani ya ukuta na wewe huoni. Sisi tunataka waya wa milimita 6 unaotoka peke yake kwenye bodi, wenye breka yake, na breka nyingine ya kukata umeme ukivuja, pamoja na ethi ya kweli iliyozikwa ardhini. Mteja akituomba tupunguze kitu hapo ili bei ishuke, tunamwacha aende kwa mwengine.

Tena, tangi likikaa juu ya dari papo hapo juu ya bafu, maji hushuka kwa uvivu na shawa haiwaki. Linyanyue. Mita mbili juu ya shawa ni afadhali sana kuliko nusu mita, na mnara wa tangi ni kitu cha kuamua kabla zege la juu halijamwagwa.

Hita ya tangi, ile ya lita 50 inayofungwa ukutani, inakupa maji mengi kwa mkupuo. Kuyatoa maji hayo nyuzi 27 hadi 60 ni karibu uniti 2, na hita ya kilowati 1.5 itachukua kama saa moja na robo. Ukiiacha inawaka mchana kutwa inapoteza moto na kuchemsha upya bila mtu kuoga. Weka swichi mlangoni mwa bafu, iwashwe kwa haja. Na ile valvu inayodondosha matone hita ikipata moto si mbovu, ndiyo usalama wenyewe; usiizibe, iwekee kijibomba cha kupeleka maji nje.

Sola ndiyo tunayoipenda, kwani jua tunalo na haiulizi kama umeme upo. Waliokuwapo Unguja kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010, miezi mitatu ya giza, hawahitaji kushawishiwa. Lakini kabla ya kulitazama jua, tazama maji yako.

Sehemu kubwa ya Unguja imekaa juu ya mawe ya matumbawe, na maji ya chini yakipita humo hutoka na chokaa. Fungua birika lako la umeme utazame chini: ule ukoko mweupe ndio utakaojaa ndani ya hita. Chokaa hugandia zaidi maji yakipita nyuzi 60, na sola ya mirija ya vioo, jua la kaskazi likiwaka Januari, hupita hapo bila taabu. Hita zinazokuja kwetu "zimekufa" mara nyingi hazijafa. Koili, ule mkono wa chuma unaochemsha maji ndani ya tangi, imevaa koti la chokaa nene kama kidole. Pwani ya mashariki, Paje, Jambiani na kwengineko, visima vingine vina chumvi juu ya hiyo chokaa, na hapo hata tangi la chuma cha pua hutoboka. Huko tunashauri paneli bapa yenye mzunguko wake wa ndani, maji ya kuoga yasiingie kabisa kwenye paneli, na tangi la enameli lenye fimbo ya magineziamu inayoliwa na kutu badala ya tangi, fimbo ikaguliwe kila mwaka. Ni ghali zaidi, ndiyo. Na stendi iwe ya alumini; upepo wa bahari hauchukui muda kukila chuma.

Ukitaka sola, mwambie mwashi mapema: kitako cha simtanki kiwe juu kuliko tangi la sola, na paneli itazame kaskazini kwa mwinamo wa nyuzi 10 hadi 15. Kipupwe, maji ya moto yanapotakiwa zaidi, jua letu liko upande huo. Masika mawingu yakikaa siku mbili tatu, koili ya umeme ndani ya tangi itasaidia. Bomba la moto liwe PPR ya moto, plastiki ngumu inayounganishwa kwa kuyeyushwa, si PVC ya kawaida ya gundi, ambayo hulegea kwa moto.

Ukija dukani, chukua ramani ya nyumba na chupa ya maji ya kisima au ya bomba unalotumia. Kuja kupima paa mjini na viungani mwake hatutozi. Nungwi na Makunduchi utatusaidia nauli.