Lori tupu la mafuta halijawa salama

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi tuzungumzie matenki ya mafuta yanaporudi tupu. Tangu ajali ya Msamvu, Morogoro, ya tarehe 10 Agosti 2019 iliyoua watu zaidi ya 100, usalama wa malori haya huzungumziwa zaidi kwa upande wa lori lililojaa: lisikimbizwe, lisilazwe penye makazi, likipinduka watu wasisogee na ndoo. Sawa kabisa. Ila lori hilohilo likishashusha mzigo, watu hulegea. Linaegeshwa kando ya Barabara ya Mandela au linaingizwa gereji ya uchochoroni, fundi anawasha mashine ya kuchomelea na utingo anawasha sigara, kwa hoja moja tu: halina kitu.

Lina kitu. Mvuke wa petroli hushika moto ukiwa kati ya asilimia 1.4 na 7.6 hivi ya hewa. Ndani ya tenki lililojaa, nafasi ndogo iliyobaki juu ina mvuke mwingi kupita kiwango hicho, hewa haitoshi kuwaka. Ukishusha mzigo, hewa inaingia na mchanganyiko unashuka kuelekea palepale pabaya. Wala hayahitajiki mabaki mengi. Lita moja ya petroli ikigeuka mvuke yote hutoa zaidi ya lita 150 za mvuke, na hiyo yatosha kufanya chumba cha tenki cha lita 8,000 kiweze kulipuka. Lita moja hubaki kirahisi kwenye bomba la kushushia, chini ya vali, au nyuma ya mabamba ya kuzuia mafuta yasisukasuke.

Fundi atakuambia amenusa na hakuna harufu. Pua huzoea; baada ya dakika chache haiambii tena ukweli. Mwingine atasema lilibeba dizeli tu. Dizeli kwa joto la Dar es Salaam haitoi mvuke wa kutosha kuwaka, ni kweli, lakini moto wa kuchomelea ukigusa bati kwa nje, utando wa dizeli ulioganda kwa ndani unachemka na kutoa mvuke papo hapo, huku cheche iko karibu.

Njia ya kufuata inajulikana. Kila chumba kikaushwe hadi kwenye bomba na vali zake. Tenki lioshwe, kisha lipulizwe hewa kwa feni isiyotoa cheche, mifuniko yote ikiwa wazi, mahali penye nafasi. Hapa ndipo gereji za mitaani zinapokosea: mvuke wa petroli ni mzito mara tatu au nne kuliko hewa, hivyo haupandi juu ukapotea. Unashuka, unatambaa ardhini, unafuata mtaro hadi kwenye jiko la mkaa la mama lishe aliye mita kadhaa kutoka hapo, na moto unarudi kwa njia ileile. Maji ya kuoshea nayo yasimwagwe kwenye mitaro inayoishia Mto Msimbazi.

Kisha kipimo. Kifaa cha kupima gesi hakisomi asilimia ya mvuke moja kwa moja. Husoma umefika wapi kuelekea kiwango cha chini cha kulipuka. Kikionyesha 100, maana yake mvuke umefika ile asilimia 1.4. Wengi wamekariri kwamba chini ya 10 ni salama. Hiyo ni kwa mtu kuingia ndani, tena oksijeni iwe kati ya asilimia 19.5 na 23.5. Kwa kuchomelea, namba inayotakiwa ni sifuri, ipimwe chini, katikati na juu ya kila chumba, na ipimwe tena kazi ikisimama hata kwa chakula cha mchana, maana kutu na mabaki huendelea kutoa mvuke. Oksijeni ipimwe kwanza: vifaa vingi vya kawaida hudanganya hewa ikiwa kidogo, vikaonyesha sifuri ndani ya tenki lililojaa mvuke.

Asiingie mtu ndani bila mwenzake kukaa juu ya mfuniko akishika kamba. Na huyo wa juu asishuke kumfuata aliyeanguka. Mara nyingi maiti ya pili hutoka hapo.

Kwenye depo, lori tupu lina hatari nyingine isiyosemwa vya kutosha, nayo ni kupakia dizeli katika chumba kilichotoka kubeba petroli. Dizeli inayoingia hufyonza mvuke wa petroli uliobaki, mchanganyiko unashuka na kuingia kwenye kiwango cha kuwaka. Wakati huohuo dizeli inayopita kwa kasi kwenye bomba inazalisha umeme tuli, yaani umeme wa msuguano unaoweza kuruka kama cheche. Ndiyo sababu mpakiaji lazima ajue chumba kilibeba nini mara ya mwisho. Mafuta yaanze kuingia polepole, isizidi mita 1 kwa sekunde, hadi mdomo wa bomba ufunikwe na mafuta. Waya wa ethi, unaopeleka umeme huo ardhini, ufungwe kabla ya mpira wowote na uwe wa mwisho kufunguliwa, tena ubane chuma kitupu. Ukibana juu ya rangi ni pambo. Fimbo ya kupimia isitumbukizwe mara tu pampu inaposimama. Subiri angalau dakika moja umeme huo utulie.

Wanaobeba asidi wasidhani haya hayawahusu. Asidi ya salfa iliyo kali huvumiliwa na tenki la chuma, lakini ukiosha kwa maji kidogo unapata asidi hafifu inayokula chuma na kutoa haidrojeni, ambayo hulipuka kuanzia asilimia 4 ya hewa.

Vibao vya rangi ya chungwa, kwa petroli namba 33 juu (aina ya hatari) na 1203 chini (aina ya mzigo), vibaki kwenye lori tupu hadi lioshwe na kupimwa. Vikitolewa mapema, askari wa Zimamoto aliyeitwa kwa 114 anafika bila kujua anakabili nini.

Tunaiomba EWURA (mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji), OSHA (wakala wa usalama na afya mahali pa kazi) na Jeshi la Zimamoto na Uokoaji wakague gereji zinazochomelea matenki, si malori pekee. Kusiwe na moto kwenye tenki bila karatasi inayoonyesha vipimo vya kila chumba, saa vilipochukuliwa na saini ya aliyepima. Wamiliki watalalamika kuhusu gharama na siku ambayo lori limesimama. Gharama hiyo iingizwe kwenye bei ya kusafirisha, kama matairi yanavyoingizwa. Na depo zisipakie lori ambalo dereva wake hawezi kuonyesha kwa maandishi mzigo wa mwisho wa kila chumba. Fomu ya hivyo ni ukurasa mmoja.

Wakaguzi na mafundi wa matenki,
Temeke, Dar es Salaam