Mimi mtu kimya na mwoga wa hela, nihamie mauzo au nibaki kwenye hesabu?

Habari zenu wadau, naombeni ushauri maana hii ni wiki ya pili nalala nikiamka amka.

Nina miaka 36, ni mhasibu, hapa kazini nina miaka tisa. Toka mdogo mimi ni mtu kimya, napenda kila kitu kikae kwa mpangilio, hesabu isipolingana narudia mpaka ikubali na kiukweli naipenda kazi hiyo. Sasa bosi kaniita anataka nikaongoze timu ya mauzo, mshahara wa uhakika unashuka karibu nusu ila kuna komisheni, wenzangu wa huko mwezi ukiwa mzuri wanabeba mara mbili yangu, ukiwa mbaya ndo hivyo tena.

Mke wangu anasema nikubali. Yeye akipata hela anaizungusha, kuna kipindi mtaji wote ulikata na baada ya miezi mitatu akawa ashaanzisha kitu kingine. Mimi yangu naifungia benki siigusi, bei za vitu zinapanda kuliko hiyo riba, najua kabisa inaliwa taratibu lakini mkono hauendi. Nilisoma wanasaikolojia Kahneman na Tversky walieleza mwaka 1979 kwamba uchungu wa kupoteza unazidi raha ya kupata kiasi kilekile, nikahisi wananisema mimi.

Nikaangalia na zile aina sita za tabia na kazi za mwanasaikolojia John Holland, zinazochorwa kwenye umbo la pembe sita, nikajikuta ni mtu wa utaratibu moja kwa moja, nikasema basi jibu ndo hili nabaki. Mke wangu akauchukua ule mchoro akanionyesha kuwa aina yangu inapakana na ya watu wa ushawishi na biashara, wanaotazamana na mimi upande wa pili kabisa ni wasanii. Halafu akaniuliza, baba watoto, miaka tisa hujawahi kuomba nyongeza, hiyo nayo ni tabia au ni woga?

Nilikosa la kusema. Kuna kijana nilimfundisha kazi kwa mkono wangu, leo ananizidi mshahara kwa sababu yeye aliomba, mimi kila nikitaka kuomba naona kama namsumbua mtu.

Ila pia nina rafiki mpole kama mimi, aliingia mauzo kwa kusukumwa, ndani ya mwaka alikuwa hali chakula vizuri wala hacheki, akaacha. Hilo siwezi kulipuuza, nina watoto wawili.

Naomba kujua, kuna mtu kimya humu aliyeingia mauzo akadumu? Ulifanyaje? Na nikimwomba bosi miezi sita ya majaribio mshahara ukiwa palepale itaonekana sina nia? Mtu anajuaje kwamba hapa ni asili yangu na hapa najificha tu? Jibu linatakiwa Ijumaa.