Nimechoka kurudia hadithi yangu

Mhariri,

Nauza mukene, yaani dagaa, hapa Busia, upande wa Uganda. Mwezi uliopita nilituma pesa kwa simu zikakwama, nikaiandikia huduma ya wateja. Kumbe wanaojibu ni programu za kompyuta. Ya kwanza ikaniuliza namba ya muamala, ikanipeleka kwa ya pili. Ya pili ikauliza namba ile ile. Ya tatu ikanisalimu upya, kwa Kiingereza, kama mgeni. Huku mvua inanyemelea na mukene umeanikwa nje!

Mwanangu anayesomea kompyuta ananiambia programu kugawana kazi si jambo geni: mwaka 1980 mtafiti wa kompyuta Reid Smith alieleza jinsi moja inavyotangaza kazi, nyingine zikaleta zabuni, na inayofaa ikapewa. Sawa na sisi lori likifika. Lakini mimi nikimpeleka mteja kwa jirani, namwambia jirani, “Huyu anataka kilo tano, ameshalipa nusu.” Mteja harudii hadithi.

Waundaji wa programu hizi waanzie hapo. Watuonyeshe pia ni nani ameshika shauri letu, na njia ya kumpata binadamu. Kiswahili nacho kiwepo. Si ndiyo lugha rasmi ya pili katika katiba yetu?

Mama Mukene,
Busia