Suruali ya Mia Mbili, Zipu ya Mia Mbili na Hamsini

Wiki haipiti bila kusikia lalamiko hili. Mtu kaenda soko la Kongowea asubuhi belo la mitumba linafunguliwa, kapigana vikumbo na wenzake, kapata suruali ya kamera, yaani ya chaguo la kwanza, kitambaa safi, kwa shilingi mia mbili. Zipu tu ndiyo mbovu. Aja nayo kibandani kwetu Mwembe Tayari, hapa Mombasa, namwambia mia mbili na hamsini. Basi! "Fundi, zipu ishaishinda suruali bei?" Juzi mama mmoja aliniita mwizi mbele ya watu, akachukua suruali yake akaenda. Pale sikupata nafasi ya kujieleza, kwa hivyo najieleza hapa.

Zipu haijui kama suruali ilitoka Kongowea au ilikuja kwenye sanduku kutoka Dubai. Nafumua ukanda wa kiuno pale mbele, nafumua ule mshono wa nje unaofunika zipu, nang'oa zipu ya zamani bila kujeruhi kitambaa, natoa mabaki ya nyuzi, napiga pasi. Zipu mpya naipiga bandi kwanza, mishono mirefu ya mkono ya kuishikilia tu, maana anayeipeleka mbio mbio kwenye cherehani huishia na suruali iliyopinda mbele, nanyi mmeziona. Kisha narudisha mshono wa nje papo hapo ulipokuwa, kwa uzi wa rangi ileile. Kushona hakuchukui muda. Kufumua ndiko kunakokula asubuhi yangu. Zipu yenyewe dukani si ghali, na sijamficha mtu hilo. Mwalipia mikono na macho.

Na si kila zipu hubadilishwa. Kama meno yote yapo lakini yanaachana nyuma ya kichwa kila ukifunga, ubovu uko kwenye kichwa. Kimelegea. Nakibana kwa koleo au natia kingine, shilingi hamsini, unaondoka nayo ukingoja. Wateja wengi nimewarudishia mia mbili zao mkononi kwa namna hiyo, ila hawa sijawasikia wakinitaja. Ukiilazimisha mpaka meno yakatoka, hapo tushahama kwenye hamsini.

Sasa supaglu.

Sijui nani aliwaambia watu supaglu ni dawa ya nguo. Pindo la suruali limefumuka, mtu akimbilia kivuko cha Likoni, adondosha matone mawili matatu, abana kwa vidole, ajiona mjanja. Gundi ile ikikutana na kitambaa cha pamba hupata moto yenyewe, moto wa kuunguza. Kijana mmoja hapa jirani aliibandika jinzi akiwa ameivaa, akaruka mpaka barabarani ameshika kifundo cha mguu. Ikishakauka inakuwa plastiki tupu: sindano zangu huvunjikia pale, na kufua hakuitoi. Pindo ambalo ningelikunja kwa mia moja sasa sina budi kulikata lote. Suruali ishapungua urefu, na kama hakuna kitambaa cha kushusha, naunga kipande kwa ndani. Mia tatu hiyo, na mtu bado akitazama vizuri ataona.

Stepla na pini ni ndugu zake. Kwa hewa yetu hii ya chumvi, chuma chembamba hakichelewi kuota kutu, na doa la kutu kwenye shati jeupe la shule ni kazi nyingine ambayo mimi siifanyi.

Dawa ya yote hayo ni kuja mapema, na kama ni tundu, kuja kabla ya kufua. Tundu dogo likiingia kwenye beseni likasuguliwa na kukamuliwa, linatoka limekuwa dirisha. Likiwa bado kama punje ya mchele nalitililia kwa mkono, kwa uzi niliouchomoa kwenye pindo la nguo hiyohiyo, na hata mwenyewe hulitafuta. Jinzi nazo huisha mapajani, hasa sisi wenye miili. Usingoje ipasuke. Kitambaa kikianza tu kuwa chepesi na kuonyesha nyuzi nyeupe, natia kiraka kwa ndani na kupitisha mishono juu yake. Kwa hilo kipande bora ni cha jinzi yenyewe, ndiyo maana ukikatiwa urefu kwa fundi yeyote, dai vipande vyako uondoke navyo. Wengi wanaviacha, halafu mwaka unaofuata wanataka nifanye mazingaombwe.

Nguo mpya za bei ya chini zina shida yao. Kabla hujalipa, igeuze ndani nje. Utakuta mshono umepigwa ovaloki peke yake, ule wa kuzungushia ukingo, kitambaa cha kushikia ni chembamba kama ukucha, na nyuzi zinaning'inia. Vifungo vimeshikwa na uzi wa kuvutwa mara moja tu vikaja vyote. Nikiipata kabla haijavaliwa, napitisha mshono wa pili wa cherehani kwenye makwapa, mfukoni na katikati ya miguu, navikaza vifungo. Mia moja na hamsini. Watu hucheka: nguo mpya inapelekwaje kwa fundi? Bwana mmoja alicheka hivyohivyo, akaenda harusini nayo. Alipochutama kukaa kwenye sinia la biriani suruali ikaachia nyuma yote, akala biriani lake na shemeji akamfunga kikoi. Alikuja Jumatatu, hakuuliza bei.

Mwaka 2020 serikali ilipozuia mitumba kuingia nchini kwa miezi kadhaa kwa sababu ya korona, ndipo watu walipofungua makabati. Nilipata kazi za nguo zilizokuwa zikingoja kutupwa, na nyingine naziona zinapita barabarani hadi leo.

Wenye buibui, nanyi nina neno nanyi. Mwazipenda zifagie chini, kisha mwapanda tuktuk. Pindo likishalika, kupunguza ndiyo njia, na buibui linapanda juu ya kifundo. Tunaweza kupitisha utepe ndani ya pindo, ukitokeza kidogo tu kuliko kitambaa. Utepe unalika wenyewe, tunang'oa, tunatia mwingine, kitambaa chako cha nida kiko palepale. Na pasi, tafadhali, iwe ya moto mdogo na leso juu yake. Nida ni poliesta. Ule mng'aro wa pasi ya moto ukishaingia hautoki.

Sare za shule hununuliwa kubwa, hilo wazazi wanalijua. Wasichojua ni kuuliza kama pindo lina kitambaa. Mwaka jana mama mmoja aliniletea sketi ya binti yake niishushe, nikafungua, ndani nusu inchi. Walioshona walikuwa wamebana kitambaa chao, na mimi ndiye niliyeambiwa sijui kazi.

Kuhusu kufua nitasema machache maana si kazi yangu, japo matokeo yake yanakuja kwangu. Klorini si ya kila cheupe. Inadhoofisha pamba ukiiloweka usiku kucha, na inaua ule mpira uliomo kwenye nguo za kuvutika. Kwapa lililogeuka manjano ukilitia klorini huzidi manjano. Wanaofulia maji ya kisima yenye chumvi wasuuze mara ya mwisho kwa maji matamu, kidogo tu yanatosha. Anika ndani nje, kivulini. Jua la hapa la saa saba halina huruma na rangi nyeusi.

Bei zimeandikwa ukutani na hazibadiliki kwa sababu ya ulichonunulia. Nusu hulipwa unapoacha kazi, kwa maana nina kapu zima la nguo ambazo wenyewe hawakurudi. Nguo ije imefuliwa, isipokuwa ya tundu kama nilivyosema, hiyo ije imekung'utwa vumbi. Na kuanzia mwezi 20 Ramadhani sipokei marekebisho mpaka Idi ipite, hata ukinitumia mjomba wangu.