Barua kwa mwanangu: gemu, waya wa baharini na bao la babu

Kwako mwanangu kipenzi,

Assalamu alaykum. Sote hapa Tudor, Mombasa, tu wazima, alhamdulillahi. Mamako anakusalimu sana na anauliza kama ile dawa ya kifua umeimaliza.

Siku ya wazazi uliniuliza swali nikalijibu nusunusu, maana kengele ilikuwa imeshalia na walimu wanatusukuma kuelekea getini. Ulisema: "Baba, waya wa intaneti umeingia Kenya kupitia hapa hapa kwetu. Mbona basi nikicheza likizo gemu inakwama, na wale wa Ulaya wananipiga kabla hata sijawaona?" Swali hilo sijaliacha tangu siku ile. Simu hamruhusiwi huko shuleni, kwa hiyo nalijibu kwa karatasi, na naona bora iwe hivyo, kwa kuwa lina mengi ndani yake.

Kuhusu waya unasema kweli. Waya uitwao TEAMS ulivutwa chini ya bahari kutoka Fujairah, Falme za Kiarabu, ukatua Mombasa mwaka 2009. Mwingine, SEACOM, ukawashwa Julai mwaka huo huo, na EASSy ukafuata 2010. Kabla ya hapo tulikuwa tukitegemea setilaiti, na mimi nilijifunza kazi hii ya kompyuta kwenye saiba, yale maduka ya intaneti, za Mwembe Tayari nikilipia kwa dakika. Setilaiti zile hukaa karibu kilomita 36,000 juu ya ikweta. Piga hesabu mwenyewe: ujumbe upande, ushuke, kisha jibu nalo lipande na lishuke. Ni kilomita 144,000. Mwanga wenyewe, unaokwenda kilomita 300,000 kwa sekunde, huchukua karibu nusu sekunde, kabla kompyuta ya upande wa pili haijafanya lolote. Kwa barua pepe hilo si neno. Kwa gemu ya kukimbizana, umeshakufa zamani.

Faiba, yaani waya wa kioo unaobeba mwanga, ilipunguza safari hiyo, lakini haikuifuta. Ndani ya kioo mwanga huenda polepole zaidi, karibu kilomita 200,000 kwa sekunde. Maana yake kila kilomita 1,000 za waya zinakula milisekunde 10, yaani sehemu kumi za elfu za sekunde, kwenda na kurudi. Likizo ya Agosti niliangalia seva, yaani kompyuta inayoendesha mchezo, uliyokuwa ukiunganishwa nayo, iko Frankfurt. Waya umetua kwetu, ndiyo, ila seva haikutua nao. Kila unapobonyeza kitufe, ujumbe wako unashika Bahari ya Hindi, unapanda Bahari ya Shamu, unakatiza Misri, unaingia Mediterania, kisha unapanda nchi kavu mpaka Ujerumani, na jibu linarudi njia hiyo hiyo. Kijana wa Frankfurt anaishi mlangoni mwa seva. Hakushindi kwa vidole. Ongeza na kuta za nyumba ya babu yako kule Kibokoni, mawe ya matumbawe na unene ule, zinazomeza WiFi kabla haijafika chumba cha nyuma unakopenda kujifungia.

Sasa sikiliza jambo ambalo sikupata nafasi ya kukueleza pale getini, nalo ndilo ninalolipenda zaidi katika habari hii yote. Mwaka 1996 kampuni ya Marekani iitwayo id Software ilitoa gemu ya Quake. Watu waliokuwa chumba kimoja, kompyuta zao zimeunganishwa kwa waya mfupi, waliicheza vizuri. Waliokuwa majumbani, wanaoingia kwa modemu kupitia laini ya simu, walikuwa wakibonyeza kwenda mbele kisha wanangoja, maana kompyuta zao zilisubiri seva iseme ndiyo kwanza. John Carmack, mwandishi wa programu wa kampuni ile, hakuwa na uwezo wa kuibadilisha mitambo ya simu ya nchi nzima. Akabadilisha fikra. Mwishoni mwa mwaka huo huo akatoa QuakeWorld, na humo kompyuta ya mchezaji haingoji tena. Ukibonyeza, inakusogeza papo hapo, ikikisia kwamba seva itakubali, kwa sababu sheria za mwendo zote mbili zinazijua. Jibu la seva likifika, inalinganisha. Ikiwa ilikisia sawa, hutambui lolote. Ikiwa ilikosea, inakurudisha mahali pako pa haki. Ile hali unayoilalamikia, ya kurudishwa nyuma ghafla kama umeshikwa shati, ndiyo hayo marekebisho.

Modemu zile zilikuwa dhaifu kuliko intaneti ya simu aliyonayo leo muuza madafu wa Mama Ngina. Dhiki ile ndiyo iliyomlazimisha mtu kufikiri, na gemu za mtandaoni unazozicheza zimerithi alichokifikiri. Ndiyo maana sitaki kukusikia ukisema sisi tuko mbali na kila kitu, basi tungoje wengine watutengenezee. Anayejua maumivu ya milisekunde ndiye mwenye sababu ya kuyatafutia dawa.

Mamako ana wasiwasi na saa zako za usiku, na kwa hilo niko upande wake kabisa. Usingizi haulipiki. Lakini mtu akiniambia gemu ni upuuzi simkubalii, awe mjomba wako au awe imamu. Ndani ya gemu moja mna hesabu, fizikia, michoro, muziki, na lile jambo gumu kuliko yote, kuwaweka watu elfu waliotawanyika duniani waone kitu kimoja kwa wakati mmoja. Ninachokuomba ni kwamba ukishacheza, uulize kimefanywaje. Wewe swali la getini ulishaliuliza, kwa hiyo najua unaweza.

Nije kwa yale maneno ya rafikiyo wa Nairobi, kwamba waandishi wa programu wako kwao na Mombasa ni bahari na harusi. Usigombane naye. Nairobi ilitangulia kwa mengi: M-Pesa ilianza 2007, Ushahidi, programu ya kukusanya taarifa za watu kwenye ramani, ikazaliwa 2008, na iHub, kituo cha watu wa teknolojia, ikafungua milango 2010. Haya ni mambo ya kujivunia hata ukiwa mtu wa pwani. Ila mwambie kwamba tangu 2016 kuna SwahiliPot hapa, karibu na Fort Jesus, panapokaa watu wa teknolojia na watu wa sanaa chini ya paa moja. Mwambie kuna wanafunzi wa Technical University of Mombasa, mwendo wa miguu kutoka mlangoni kwetu. Na kuna vikao vidogo visivyo na jina wala bango, watu kumi na tano na projekta ya kuazima, Jumamosi baada ya alasiri.

Nikusimulie kimoja cha hivi karibuni. Kijana mmoja ametengeneza programu ya kuwaunganisha wavuvi na mahoteli. Hoteli ikilipa kwa simu, mfumo wa malipo unatuma taarifa kwenye seva yake kwamba pesa zimeingia, na seva inatakiwa ijibu kuwa imepokea. Seva yake ilikuwa nzito siku za kazi nyingi, inachelewa kujibu, basi taarifa inatumwa tena. Yeye kila taarifa akiihesabu malipo mapya. Daftari linaonyesha pesa mara mbili, samaki wametoka mara moja, na mvuvi anadai fungu ambalo halipo. Alisimama mbele akaonyesha msimbo wake wote, yaani maandishi ya programu, pamoja na pale palipomshinda. Msichana wa mwaka wa pili chuoni, amekaa safu ya nyuma, akauliza, "Kwani malipo hayana namba ya risiti? Iweke. Ikija uliyoiona, jibu kuwa umepokea halafu usifanye kitu." Mwenye programu akafungua laptopu hapo hapo, akaongeza mistari michache, tukaijaribu pamoja, ikakubali. Halafu mabishano yakahamia mahali pa kuzihifadhi hizo namba, nayo yakachukua muda kuliko marekebisho yenyewe.

Umemwona babu yako akicheza bao barazani. Waliokaa chini ni wawili, lakini waliosimama wanaguna, wananyoosha vidole, wanasema pale umepoteza mtaji, yaani nafasi ya kula, na mtoto anayepita na kahawa anasikia yote. Bingwa hupikwa pale, mbele ya macho ya watu. Vikao hivi navipenda kwa sababu hiyo hiyo. Msimbo unaoandikwa chumbani peke yake una makosa ambayo mwandishi wake hatayaona kamwe, maana alipoandika na anaposoma anatumia kichwa kimoja.

Utanitajia Eric Barone, najua, kwa kuwa ulishanionyesha gemu yake ya Stardew Valley. Ni kweli, zaidi ya miaka minne alichora, akatunga muziki na kuandika programu yote mwenyewe, akaitoa 2016. Simpunguzii heshima hata kidogo. Lakini wengi niliowaona wakijifungia peke yao hawakutoka na gemu. Walitoka na uchovu, na folda ambayo hawataki tena kuifungua. Mmoja wao ni mtu niliyempenda sana, na kipaji chake kilikuwa kikubwa kuliko changu.

Kwa hiyo ukifunga shule nataka twende wote. Wasichana bado ni wachache pale, hilo sikufichi, na mara ya kwanza utalihisi. Utakuta wanaokuuliza umekuja na nani kabla ya kukuuliza unatengeneza nini. Wewe wajibu unachotengeneza. Mimi nitakaa nyuma na sitakujibia swali lolote. Mamako ameridhia, sharti lake ni turudi kabla ya magharibi.

Na unatengeneza nini? Nina pendekezo, ukilikataa sitanuna. Tutengeneze bao. Bao la Kiswahili kamili, lenye mashimo 32 na kete 64, namua, awamu ya kuingiza kete za mkononi, na mtaji, awamu inayofuata zikiisha mkononi, na nyumba, lile shimo maalumu, yenye haki zake zote. Kila mchezaji anaanza na kete 10 ubaoni, 6 za nyumba na mbili mbili katika mashimo mawili ya kando, na 22 mkononi. Kwa kompyuta ubao mzima ni orodha ya namba 32. Michoro tutaiweka baadaye kwa Godot, programu ya kutengenezea gemu, ambayo ilianzia Argentina na tangu 2014 msimbo wake uko wazi kwa kila mtu, bure, na hata hii laptopu kuukuu ya nyumbani itaihimili. Kwanza sheria zifanye kazi kwa maandishi matupu.

Ugumu uko kwenye kuzunguka. Kete yako ya mwisho ikiangukia shimo lenye kete, unazichukua unaendelea, na zinaweza kuangukia lenye kete tena, na tena. Babu anaijua hali hii: kuna mipango ya ubao ambayo mchezo wa zamu moja hauishi kabisa. Watu wawili barazani watachoka na kukubaliana. Kompyuta haichoki, itazunguka mpaka betri iishe. Itajuaje kwamba haitafika mwisho? Iweke kumbukumbu ya kila hali iliyopita, yaani kete ngapi kila shimo, mkono uko wapi na unaelekea upande gani. Ikikutana na hali iliyokwisha kuiona, na hapakuwa na uamuzi mpya wa mchezaji katikati, basi kitakachofuata ni kile kile kilichofuata mara ya kwanza, milele. Soma tena alichokisema yule msichana kuhusu risiti, uone umbali kati ya samaki na bao ni mdogo kiasi gani.

Babu amekubali kutufundisha sheria za namua zile ambazo vijana wengi wanazikosea, hasa lini unalala, yaani zamu yako inaisha, na lini nyumba inakwenda safari, yaani kete zake zinachukuliwa na kusambazwa. Ameniuliza kama kompyuta itajua kubahatisha. Nimemwambia mjukuu wake ndiye atakayemjibu.

Unaweza kuanza bila kompyuta. Jumapili mchana chora ubao kwenye daftari. Mashimo yako ya mbele yape namba 0 hadi 7, kutoka kushoto kwako kwenda kulia. Safu ya nyuma endelea 8 hadi 15 ukirudi kutoka kulia kwenda kushoto, ili 15 ikae jirani na 0. Sasa shimo linalofuata daima ni namba yako ongeza moja, na ukifika 16 unarudi sifuri. Mpinzani wako naye ahesabu hivyo hivyo, kutoka kushoto kwake. Niandikie unijibu hili: ukiwa kwenye shimo lako la mbele namba n, shimo la mpinzani linalokutazama ni namba gani? Kuna kanuni fupi sana ya kulipata, na bila hiyo hatuwezi kula hata kete moja. Ukishaipata, jaribu kwa 0, kwa 3 na kwa 7 kabla ya kuniamini mimi au kujiamini wewe.

Tiketi ya treni nitakukatia mapema. Nitakungoja Miritini.

Babako akupendaye